Fedha za mitandao ya Ulaya: tujue tumekaa kiti kipi kabla ya kusaini

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalozua maneno kila msimu wa maandiko ya miradi unapofika hapa Iringa, Njombe na Mbeya: ruzuku zinazotolewa Ulaya kwa ajili ya mitandao ya mashirika ya maendeleo. Lawama iliyozoeleka ni kwamba fedha hizo huliwa kwenye vikao vya Brussels, na kinachofika Ludewa au Ileje ni makombo. Ukweli kidogo umo. Lakini sisi tunaoshika hesabu na kuratibu miradi ya asasi za kiraia katika Nyanda za Juu Kusini tunaona hasara kubwa zaidi inatokea huku huku kwetu, siku asasi inapotia saini na mhuri kwenye karatasi ambayo haikuisoma hadi mwisho.

Tuanze na hivyo vikao. Umoja wa Ulaya una ruzuku za aina mbili. Ruzuku ya uendeshaji hulipia mpango kazi wa mwaka wa shirika lenyewe: mishahara ya sekretarieti, pango la ofisi, mikutano ya wanachama, kazi ya utetezi. Ruzuku ya mradi hulipia shughuli yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mtandao kama CONCORD, ulioundwa Brussels mwaka 2003 kuunganisha majukwaa ya kitaifa na mitandao ya mashirika ya maendeleo ya Ulaya, unaishi kwa kukutanisha watu na kuwabana watunga sera. Ripoti zake za AidWatch huhesabu nani ametimiza na nani amekwepa ile ahadi ya nchi tajiri kutoa msaada wa maendeleo wa asilimia 0.7 ya pato la taifa, iliyowekwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970. Uingereza ilishuka kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Mapambano dhidi ya maamuzi ya namna hiyo hufanyika kwenye mabunge ya huko kwao, na yanafanywa na mitandao ya huko kwao. Sisi tukiwa Mbalizi au Makambako hatuna sauti humo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba fedha ya sekretarieti haikuchimba kisima Makete anailaumu fedha ambayo haikuombwa kwa kazi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa lile fungu la elimu ya maendeleo linaloitwa kwa kifupi DEAR: walengwa wake ni wananchi wa Ulaya wenyewe.

Fedha inayotuhusu ni ya mradi, ile inayoombwa na shirika la Ulaya pamoja na wenzake kadhaa, baadhi yao wakiwa huku. Chanzo kikubwa ni mfuko wa NDICI-Global Europe, uliotengewa euro bilioni 79.5 kwa miaka ya 2021 hadi 2027, wenye fungu maalumu la asasi za kiraia ndani yake. Nje ya mfuko huo zipo njia za nchi moja moja. Denmark ina CISU, yenye makao Aarhus, inayosimamia mfuko wa serikali kwa ajili ya vyama vya Kidenmark vyenye wabia nje. Ujerumani hupitisha fedha za wizara yake ya maendeleo kwenye taasisi iitwayo Engagement Global, na kwa kawaida wizara hulipa asilimia 75 ya mradi huku asilimia 25 zikitafutwa na shirika lenyewe. Mikoani kwetu matunda ya ubia wa namna hii yanaonekana kwa macho: Mawengi wilayani Ludewa kuna umeme wa maji uliojengwa na shirika la ACRA la Italia kwa mchango wa Umoja wa Ulaya, Matembwe kuna kazi ya miaka mingi ya CEFA, nalo la Italia, na Hospitali ya Tosamaganga imeshirikiana kwa muda mrefu na madaktari wa shirika la CUAMM, la Italia pia.

Sasa tuje kwenye saini.

Andiko la Umoja wa Ulaya lina viti kadhaa, na kila kiti kina haki zake. Mwombaji mkuu ndiye anayesaini mkataba na kupokea fedha. Mwombaji mwenza akishinda anakuwa mbia kamili: gharama zake zinatambuliwa kama za mwombaji mkuu, lakini pia anabeba pamoja na wenzake wajibu wa kutekeleza mradi mzima. Kiti cha tatu ni cha mshirika tu. Huyu anashiriki kazi, jina lake linapamba andiko, ila haruhusiwi kupokea ruzuku isipokuwa nauli na posho ya kujikimu. Cha nne ni cha mpokeaji wa ruzuku ndogo, anayepewa fedha na mbia baada ya mradi kuanza. Hapa kiwango kwa kawaida hakizidi euro 60,000 kwa mpokeaji mmoja, isipokuwa pale ambapo lengo la mradi lisingefikiwa bila kuvuka hapo. Cha tano ni cha mkandarasi au mtoa huduma, anayelipwa kwa ankara baada ya kushinda manunuzi.

Ugomvi mwingi tunaoombwa kuusuluhisha unatokana na kiti cha tatu. Asasi ya Kilolo au Rungwe inapokea barua pepe siku nne kabla ya tarehe ya mwisho, inaombwa "barua ya kuunga mkono", inaiandika kwa furaha, inawaambia wanachama mradi umekuja. Mwaka mmoja baadaye mradi kweli umekuja, na asasi inaalikwa semina Morogoro kwa nauli ya basi. Hakuna aliyedhulumu mtu. Barua ilisema ushirika, na mshirika halipwi. Kwa hiyo barua pepe ya namna hiyo ikifika, jibu la kwanza liwe swali moja: katika fomu ya maombi mmetuweka sehemu gani? Anayeshindwa kujibu swali hilo kwa mstari mmoja ama hajasoma mwongozo wa wito (tangazo la mfadhili la kualika maombi), ama hataki ujue.

Kwa mwombaji mwenza kuna mtego mwingine. Fomu anayosaini ni hati ya uwakilishi, inayomruhusu mwombaji mkuu kutia saini mkataba kwa niaba yake. Maana yake asasi ya Mbozi inaweza kufungwa na mkataba ambao haijawahi kuuona. Omba nakala kamili pamoja na viambatisho vyote: masharti ya jumla, bajeti, kanuni za manunuzi, fomu za taarifa, na utaratibu wa uhakiki wa matumizi. Ni kurasa nyingi na zimeandikwa kwa lugha kavu, lakini huko ndiko mkaguzi atakakofungua siku atakapokuja. Nyaraka zenyewe hutakiwa kutunzwa miaka mitano baada ya malipo ya mwisho, au mitatu kwa ruzuku isiyozidi euro 60,000. Stakabadhi za karatasi laini za mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) hufutika muda mrefu kabla ya hapo. Zitolewe nakala siku zilezile zinapopokelewa.

Linalotuuma zaidi ni asilimia saba. Kanuni zinaruhusu mradi kudai hadi asilimia 7 ya gharama halali za moja kwa moja kama mchango wa gharama za uendeshaji, bila kuonyesha risiti. Humo ndimo hulipwa kodi ya ofisi, mhasibu, umeme, ukaguzi wa mwaka wa asasi, ada ya Msajili wa NGOs. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za euro 500,000 unazalisha euro 35,000. Angalia tena: ruzuku ndogo zinazoshushwa huku nazo zinahesabiwa ndani ya gharama za mwombaji mkuu. Asasi ya Wanging'ombe ikipewa euro 60,000, huko juu zinaongezeka euro 4,200 kwa sababu ya fedha hiyohiyo, wakati asasi inayopanda milima na kukusanya saini za vikundi mara nyingi inaambiwa bajeti yake isiwe na senti ya uendeshaji. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya haumlazimishi mwombaji mkuu kubaki na asilimia saba yote. Mgawanyo ni makubaliano ya wabia wenyewe, na yapo mashirika ya Ulaya yanayogawana kwa uwiano wa bajeti bila kuombwa mara mbili. Basi liombwe, kwa maandishi, wakati wa kuandaa bajeti. Ukiliuliza kwenye taarifa ya mwisho umechelewa, fedha ilishapangiwa kazi.

La pili ni thamani ya fedha. Mkataba uko kwa euro, mishahara na mafuta viko kwa shilingi. Chukua mfano: mgao wa euro 40,000, bajeti ikapigwa kwa shilingi 2,900 kwa euro moja, ni shilingi milioni 116. Siku fedha inaingia benki imebadilishwa kwa 2,650, na akaunti inaonyesha milioni 106. Milioni kumi zimekwenda bila mtu kuiba, na hasara ya kubadilisha fedha haikubaliki kama gharama ya mradi. Dawa si moja. Bajeti ipigwe kwa kiwango cha tahadhari kuliko kile cha siku hiyo. Lile fungu la dharura, ambalo linaruhusiwa hadi asilimia 5 na hutumika kwa kibali cha maandishi tu, lisiachwe tupu kwa aibu. Na makubaliano ya wabia yaseme wazi tofauti ya kiwango itabebwa na nani, shilingi ikishuka na ikipanda. Wengi huandika upande mmoja tu.

Yako mambo ambayo mbia wa Ulaya hawezi kuyajua tusipomwambia, na la kwanza ni mvua. Kalenda ya fedha ya wengi wao inaanza Januari. Kwetu mahindi hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba, na Januari mkulima yuko kwenye palizi huku barabara za Makete na Ludewa zikiwa tope. Mradi wa kilimo unaosainiwa Desemba na kupokea awamu ya kwanza Februari umeshapoteza msimu mzima. Mbegu na mbolea vilitakiwa viwe vijijini Oktoba. Hapo ndipo matumizi yanapodorora, na kudorora kuna bei. Kanuni inataka angalau asilimia 70 ya malipo yaliyotangulia iwe imetumika. Pungufu ya hapo, awamu inayofuata inakatwa kiasi cha upungufu huo. Awamu ya kwanza ikiwa euro 300,000, mstari uko kwenye 210,000. Wabia sita kwa jumla wakiwa wametumia 150,000, awamu inayofuata inapungua kwa 60,000, na inapungua kwa wote, hata kwa yule wa Mbarali aliyemaliza fedha yake kwa wakati na risiti zake zote ziko kwenye faili. Mtandao ni kama ng'ombe wa jembe, mmoja akilala mfereji umesimama. Tunashauri mpango kazi wa miezi sita ya kwanza ujazwe kazi zisizotegemea shamba (usajili wa vikundi, utafiti wa hali ya awali, ununuzi wa vifaa, ajira) na shughuli za mashamba zianzie Septemba.

Bajeti ikikosewa kuna nafasi ya kurekebisha. Fedha inaweza kuhamishwa kati ya vichwa vikuu bila kubadili mkataba mradi mabadiliko hayazidi asilimia 25 ya kiasi kilichowekwa mwanzoni katika kichwa husika, lengo la mradi lisiguswe, na mfadhili ajulishwe. Fungu la dharura na ile asilimia ya uendeshaji haviingii kwenye ruhusa hiyo. Mpokeaji wa ruzuku ndogo, hata hivyo, asidhani ruhusa hii ni yake. Yeye anabanwa na mkataba wake na mbia, na mara nyingi mkataba huo ni mkali kuliko wa Brussels wenyewe, kwa sababu kila ngazi inaongeza kamba kujilinda. Tumeona asilimia 25 ya juu ikawa 10 inapofika wilayani.

Upande wa nyumbani nao haulali. Kwa kanuni za NGOs za mwaka 2018, mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20 unapaswa kuwasilishwa kwa Msajili na Hazina, na vyanzo na matumizi kuwekwa wazi kwa umma. Milioni 20 ni kama euro elfu saba hivi, kwa hiyo karibu kila ruzuku ndogo imo. Mbia wa Ulaya apewe taarifa hiyo mapema, aingize siku za kusubiri kwenye ratiba. Kodi ya zuio kwa mtaalamu mshauri mkazi ni asilimia 5, ya pango ni asilimia 10. Ikisahaulika, adhabu ya TRA hakuna mfadhili atakayeilipa. VAT ya asilimia 18 iandikwe ndani ya bei tangu bajeti ya kwanza, na mwongozo wa wito usomwe kuona kama VAT isiyorejeshwa inatambuliwa.

Risiti ni kichekesho chenye kuumiza. Mkaguzi wa kutoka nje anataka risiti ya EFD ya bodaboda kutoka Ikonda kwenda kijijini, na ya mama lishe aliyepikia wanakikundi arobaini. Hazipo na hazitakuwepo. Yakubalike mapema, ndani ya mkataba, ushahidi mbadala: orodha ya malipo yenye jina, namba ya simu, kiasi, saini, na mhuri wa mtendaji wa kijiji, au ujumbe wa malipo ya simu uliochapishwa na kuambatishwa kwenye hati ya malipo. Mkaguzi mwenye busara hukubali kitu kilichoandikwa kabla, hukataa kilichobuniwa baada.

Na muda wa wafanyakazi. Asasi yenye wafadhili watatu huwa na dereva mmoja. Akiandikwa asilimia 50 kwa mfadhili wa kwanza, 40 kwa wa pili na 30 kwa wa tatu, amefika asilimia 120, na huko ni kulipwa mara mbili kwa kazi moja hata kama hakuna aliyekusudia. Karatasi za muda wa kazi zijazwe kila mwezi, zisainiwe na msimamizi, jumla isizidi mia moja. Kwa ruzuku ya zaidi ya euro 100,000, taarifa ya mwisho huenda na uhakiki wa matumizi unaofanywa na mkaguzi, na karatasi hizi ndizo huombwa mwanzo kabisa.

Kuhusu maombi yenyewe tutasema machache. Wito mwingi huenda kwa hatua mbili, andiko dhana kwanza, andiko kamili baadaye kwa waliochujwa. Kila mwombaji mwenza anahitaji kusajiliwa kwenye rejista ya Tume ya Ulaya na kupata namba ya utambulisho ya tarakimu tisa. Shughuli hiyo isingojee wito. Saa ya mwisho ni ya Brussels: saa 6 mchana kule ni saa 7 mchana kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa 8 mchana wakati wa baridi yao. Mfumo ukifunga umefunga. Umeme wa Njombe tunaujua, basi andiko lipakiwe siku moja kabla.

Haya yote yana haraka kwa sababu mfuko wa sasa unaishia 2027. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza mfuko mpya wa takribani euro bilioni 200 kwa miaka ya 2028 hadi 2034, na mashirika ya Ulaya yameanza kutafuta wabia. Bajeti za serikali zao zinakatwa, fedha ya Marekani iliyobeba sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI mikoani kwetu imetikisika tangu 2025, na foleni kwenye dirisha la Umoja wa Ulaya itakuwa ndefu.

Tunaomba mitandao ya asasi ya mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe ikae ikubaliane masharti machache ambayo kila mwanachama atayadai kabla ya kutoa barua yoyote: kiti kitajwe kwa maandishi, nakala ya mkataba na viambatisho itolewe, asilimia saba igawanywe kwa uwiano wa bajeti, hasara ya ubadilishaji iwe na mwenyewe, na ratiba ifuate mvua za kwetu. Asasi moja ikidai peke yake itaachwa, atafutwe mwingine wa wilaya jirani atakayesaini bila maswali. Maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambao tayari hupitishiwa nyaraka za asasi, wanaweza kuyabandika kwenye mbao za matangazo. Nasi tuko tayari kuyaandika rasimu kwa Kiswahili.

Wahasibu na waratibu wa miradi ya asasi za kiraia,
Iringa, Njombe na Mbeya